Ng'ombe Aliyepotea Orodhani

Neno ng'ombe lina silabi mbili tu, lakini katika nchi ya Wakurya na jirani zao, Wangoreme na Waikoma, ni neno la mahari, la malisho na la heshima. Kwa hiyo mtu wa Morotonga aandikaye hesabu ya mifugo katika konsoli ya Linux, yaani skrini ya maandishi matupu isiyo na madirisha wala picha, hustaajabu anapopiga ng'ombe akaona ngómbe. Akilipuuza kosa hilo kwa kuwa ni dogo, faili hufika Mugumu. Mwenzake huko hutafuta ng'ombe, na kompyuta humjibu kwa kimya. Orodha imejaa mifugo, wala hapana hata mmoja anayeonekana.

Lawama huiangukia kompyuta, nayo si haki. Imetii mpangilio wa vitufe uitwao us-acentos, uliochaguliwa siku ya kuwekwa programu. Mpangilio huo ni wa watu waandikao é na ü: kitufe cha ritifaa hakiandiki kitu papo hapo, bali hungoja herufi ifuatayo. Ikija o, viwili huungana kuwa ó. Na Kiswahili, ambacho ritifaa yake hukaa katika ng', huiletea irabu karibu kila mara! Mtego umetegwa njiani hasa.

Dawa ni nyepesi. Amri showkey -a hutaja namba za herufi zinazofika. Ikitaja 195 na 179 mahali pa 39 na 111, kosa limetokea kwenye vitufe, si kwenye skrini. Amri loadkeys us hurudisha mpangilio wa kawaida mpaka mashine izimwe. Ili udumu, hauna budi kuandikwa katika faili la mipangilio. Asiye na ruhusa apige ritifaa, kisha nafasi, kisha o.

Shida ya Kikurya ni nzito zaidi. Lugha hiyo ina irabu saba, na alfabeti ya Kirumi ina tano. Wataalamu huziandika mbili zilizosalia ɛ na ɔ. Herufi hizo zina namba zake, 603 na 596, na loadkeys yaweza kuzipatia vitufe. Lakini fonti ya konsoli hubeba maumbo 256, au 512 yakizidi. Umbo la ɛ likikosekana, skrini huonyesha kijisanduku, ingawa ndani ya faili herufi ni sahihi kabisa. Hapo yafaa setfont, yenye kuleta fonti nyingine. Wengi hawangoji, hufuta kijisanduku wakaandika e, na irabu mbili zikawa moja kwa mkono wa mwenye lugha. Afadhali akiache, alifungue faili katika mashine yenye madirisha: ataikuta ɛ imesimama pale pale alipoiweka.