Rupia Moja, Bei Mbili

Mwanafunzi mmoja wa Ziwa la Ng'ombe, upande wa Kisauni, alimuuliza nyanya yake maana ya thumuni. Akajibiwa kuwa ni nusu shilingi. Mjukuu alikwisha kusoma Kiarabu chuoni, akijua kuwa thumuni ni sehemu moja ya nane. Akadhani ajuza amekosea hesabu. Hakukosea. Kilichogawanywa mara nane hakikuwa shilingi bali riyali, ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, iliyokaribia thamani ya rupia mbili. Rupia ilipofanywa shilingi mbili, thumuni ya riyali ikaangukia senti hamsini. Riyali ikatoweka sokoni, jina likabaki.

Pwani hii ilihesabu mali yake kwa fedha za Zanzibar na Bara Hindi kabla ya kujua shilingi. Sayyid Barghash alitoa pesa zake za shaba mwaka 1882. Kampuni ya Waingereza iliyokodishiwa pwani nayo ikatoa sarafu zenye jina la Mombasa kuanzia 1888. Mwaka 1908 Serikali ya Zanzibar ikachapisha noti zake za rupia, zenye picha ya jahazi na ya wachumaji wa karafuu. Ni noti chache katika Afrika ya ukoloni zilizomwonyesha mchuma karafuu badala ya mfalme.

Mwaka 1920 ndipo njia zilipoachana. Kabla ya vita pauni moja ilikuwa rupia 15; baada yake rupia ilipanda mno, na Waingereza wakaifunga katika bara la Kenya kwa shilingi mbili, yaani rupia 10 kwa pauni. Mlowezi aliyekuwa na deni la rupia 15,000 alilala akidaiwa pauni 1,000, akaamka akidaiwa 1,500. Walowezi walilalamika na wakasikika. Mchukuzi wa bandarini, ambaye naye alikuwa na deni lake dukani, hakuandikiwa wino mwingi. Ikaja florini, haikudumu, na mwaka 1921 ikafuatwa na shilingi ya Afrika Mashariki, yenye simba na milima nyuma yake.

Zanzibar haikufuata. Iliishika rupia yake hadi 1936, ilipoingia katika shilingi ya pamoja kwa kiwango cha shilingi moja na nusu. Kwa hesabu ya benki hapakuwa na dhuluma, kwani ndiyo iliyokuwa bei ya rupia wakati huo. Lakini tazama ajabu yake: kwa mkataba wa 1895 Mombasa ilibaki nchi ya Sultani, na bendera yake ikapepea Fort Jesus hadi 1963. Kwa miaka kama 15, basi, raia wa Sultani mmoja walitumia fedha mbili, na rupia ya baba yao ikapata bei mbili kulingana na upande wa bahari aliokaa mtu. Bendera haikuwasaidia kitu mbele ya Bodi ya Sarafu iliyokaa London.

Shilingi hiyo ya pamoja nayo ilivunjika mwaka 1966, Tanzania, Uganda na Kenya zilipotoa kila moja yake. Mwaka 2013 nchi za Jumuiya zilitia saini mjini Kampala itifaki ya kurudisha sarafu moja ifikapo 2024. Mwaka huo ulipita. Sasa inatajwa 2031.