Mwanjelwa, kwa Ajili ya Kadi

Jamani, ndoa ina safari zake! Kadi ya picha ya kompyuta ya mume wangu iliungua, gemu zikakoma. Bajeti: Sh 200,000, basi. Iringa mjini, Miyomboni yote, tulikosa. Tukapanda basi la Mbeya. Mafinga, Makambako, Igawa, baridi ya Juni inapenya dirishani, mwenzangu kimya kama mfiwa.

Mwanjelwa, kati ya magunia ya viazi na mitumba, fundi alitoa kadi mbili zilizotumika. RX 580 ya 2017, memori GB 8, ilimtoa mzee udenda. Nikauliza swali langu la kishamba: inakula umeme kiasi gani? Wati 185, tena inataka waya wake. Kompyuta yetu ilikuwa ya ofisini, pawa saplai wati 240 tu! GTX 1050 Ti ya 2016, GB 4, inatosheka na wati 75 za kwenye madabodi.

Akanuna. “Baba, na ada ya mtoto?” nikamuuliza. Tuliijaribu palepale kwa gemu, nusu saa nzima, ikatulia. Sh 170,000.

Kutoka Uyole mpaka Ipogolo aliipakata yeye. Mimi nilipakata viazi.