Kamani na Shabaha

Wahenga walinena: akili nyingi huondoa maarifa. Ukweli wa neno hilo niliufahamu nilipokuwa nikiishi Birmingham, Uingereza, nikimiliki bunduki ya upepo aina ya BSA Meteor, iliyoundwa katika mji huo huo.

Ndugu msomaji, bunduki hii haina baruti. Mtutu unapokunjwa, kamani iliyomo ndani hubanwa. Ukifyatua, kamani huisukuma pistoni, pistoni huishindilia hewa, nayo hewa huirusha risasi ndogo ya milimita 4.5.

Yangu ilipiga shabaha vema, ila kila nilipofyatua ililia mithili ya debe. Badala ya kuitibu kelele, nikatamani nguvu. Nikatia kamani nene zaidi. Kumbe nimejitia matatani! Bunduki ikaruka mikononi, risasi zikatawanyika. Tena sheria ya huko hudai cheti cha polisi iwapo nguvu ya risasi yazidi futi-ratili 12, yaani kama jouli 16. Cheti sina, wala kipimo sina. Usiku ule sikulala.

Kulipokucha niliirudisha kamani ya awali, nikaipaka grisi nzito kidogo tu. Kelele ikakoma. Nikajifunza pia kutoikamata bunduki kwa nguvu, bali kuilaza juu ya kiganja, iruke kila mara kwa namna moja. Matundu yakakusanyika pamoja karatasini.

Tangu hapo, mwanafunzi wangu akosapo, sizidishi ukali. Kwanza natafuta kinachokwaruza ndani.