Nilihamisha klaudi, nikasahau tarehe

Mwezi jana nilihama. Nyumba ni ile ile, hapa Migori. Nilichohamisha ni video zangu, GB 180 za miaka mitano, kutoka klaudi moja hadi nyingine. Kampuni ya kwanza ilinitoza kwa dola, na wadau mnajua dola ikipanda shilingi zako hazipandi nayo.

Kuingiza video kule hakukuwa na shida. Kutoa ndio kazi. Nikishusha kila kitu kwa laptop halafu nipandishe upya, kwa intaneti yangu ya megabiti 5 kwa sekunde, ni saa 80 za kupandisha pekee, stima ikikubali. Nikakodi seva ndogo iliyoko Ujerumani, nikaweka rclone, programu ya bure ya kunakili faili kati ya klaudi na klaudi. Video zikahama huko huko bila kupitia Migori. Asubuhi naamka, imeisha. Kwa furaha nikafunga akaunti ya zamani siku hiyo hiyo.

Ujerumani si ugeni kwa data zetu, by the way. Seva za M-Pesa zilikuwa huko mpaka Aprili 2015, mfumo ulipohamishiwa Kenya. Yaani miaka yote hiyo ulikuwa unamtumia ndugu yako wa Homa Bay mia mbili, hesabu inapigwa Ulaya! Huduma ilizimwa kwa saa kadhaa ili wahame. Pesa za watu huwezi kufunga upande wa zamani kabla hujalinganisha salio na upande mpya. Mimi sikulinganisha chochote. Niliona ni video tu.

Siku tatu baadaye mama mmoja anayeuza samaki Homa Bay akanipigia. "Mwanangu, ile video ya baba Akinyi bado unayo?" Nilimrekodi mumewe 2021 akishona nyavu ufuoni. Sasa ni marehemu. Nikamwambia, "Iko, mama, nipe dakika tano."

Dakika tano zikawa usiku mbili. Faili zote zilikuwa zimefika, lakini kila moja ilisoma tarehe ya siku niliyohama. Albamu hazikuja, kwa sababu majina yake yalikaa kwenye mfumo wa kampuni ya kwanza, si ndani ya faili. Kule nyuma nimeshafunga. Nikabaki na klipu zaidi ya elfu moja zenye majina ya namba, nafungua moja baada ya nyingine. Harusi, mechi, omena zikianikwa, mimi nikiongea upuzi wa 2022.

Mapema 2024 Google, Amazon na Microsoft zilitangaza kwamba mteja wa klaudi zao anayehama kabisa hatatozwa ada ya kutoa data. Poa sana. Lakini ada ni kitu kimoja, mpangilio ni kingine, na huo hakuna aliyeahidi kukufungashia. Rclone ina amri ya kulinganisha faili za pande zote mbili. Albamu na tarehe ungekagua kwa macho yako, akaunti zote mbili zikiwa wazi, hata kama ni kulipa mwezi mmoja mara mbili. Dola zile ningelipa leo bila kunung'unika.

Klipu niliipata saa tisa usiku wa pili. Sekunde 14. Mzee anashona, anainua kichwa, anacheka, anarudi kwa nyavu. Nikamtumia mama link. Akapiga tena.

"Mwanangu, hizo za kufungua fungua mimi sitaki. Niwekee kwa memori kadi."

Kesho napanda matatu, nashukia Rongo, naunganisha hadi Homa Bay. Kadi iko kwa kava ya simu.