Safari ya Dodoma: Wanaomfuata Mgonjwa Hadi Nyumbani

Jina la Mirembe hatukulijua kwanza kwa kuiona hospitali yenyewe, bali kwa kulisikia katika matusi. Tulipokuwa wadogo kule Tanga, mtoto akifanya jambo la ajabu wenziwe humwambia, "Wewe wa kupelekwa Mirembe!" Watu wa Unguja nao husema vivyo hivyo kwa Kidongo Chekundu, na wa Nairobi kwa Mathari. Kila nchi imelichukua jina la nyumba ya kutibia watu ikaligeuza kuwa fimbo ya kuwapigia. Nasi tulicheka pamoja na wenzetu, wala hatukudhani kwamba siku moja tutakwenda huko kwa hiari yetu, tena kwa ajili ya mtoto wetu.

Binti wa ndugu yetu, alipokwisha kupata matokeo yake ya kidato cha nne, alitujia jioni moja baada ya sala ya magharibi. Akasema, "Shikamoo Ami. Nimekuja kwako kwanza, kabla sijamwambia baba." Tukamwitikia, tukamwuliza ana nini. Akasema anataka kusomea kazi ya kuwahudumia wagonjwa wa akili. Na si kuwahudumia wakiwa wodini tu, bali kuwafuata wakisharudi makwao, kujua wanaishi vipi, wanameza dawa au hawamezi, wana kazi au hawana, na ndugu zao wanawatazama kwa jicho gani. Tulinyamaza. Na tuseme kweli, jibu la kwanza lililotujia moyoni lilikuwa hapana. Wazee wa nyumbani walipopata habari walisema kwa sauti yale tuliyoyaficha sisi: msichana wa watu atapita vichochoroni akiwafuata wenye wazimu, na nani atakuja kumposa?

Lakini nyumba yetu ilikuwa na deni. Yupo ndugu yetu, mtoto wa mama mkubwa, aliyekuwa seremala hodari. Milango mingi ya mtaani kwetu ni kazi ya mikono yake. Alipofika miaka 26 alianza kusikia sauti za watu wasiokuwapo. Tulimzungusha huku na huku, mwisho tukamfikisha hospitali moja ambayo hatuna haja ya kuitaja. Akakaa wiki kadhaa, akarudi ametulia, ana mfuko wa vidonge na kipande cha karatasi. Hakuna aliyetueleza vidonge vile vimezwe mpaka lini. Hakuna aliyetuuliza atalala wapi, wala nani atamshika mkono arudi kwenye randa na msumeno wake. Vidonge vikaisha, sisi tukasema alhamdulillahi, amepona. Haikutimia miezi mitatu akaanza kutoka usiku kwenda pwani peke yake. Binti huyu, wakati huo akiwa mtoto wa shule ya msingi, ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula.

Akatuambia, "Ami, hospitali walifanya kazi yao. Na sisi nyumbani tulifanya yetu. Ila kati ya kule na huku hapakuwa na mtu."

Basi tukaona si haki kumkatalia mtoto jambo tusilolijua. Tukakata shauri tukalione.

Tulilala usiku mmoja Dar es Salaam, na asubuhi tukapanda treni ya umeme, ile iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Wasomaji wetu wazee watakumbuka reli ya zamani ya Wajerumani, iliyofika mji huo mwaka 1910, ambayo abiria wake huchukua chakula cha siku nzima. Sasa mtu huondoka baada ya chai, akafika kabla njaa haijamshika. Milima ya Uluguru ilipita upande wa kushoto ikiwa imejifunika mawingu. Baada ya Kilosa tukaingia katika mahandaki, kukawa na giza na mwanga kwa zamu. Kisha nchi ikabadilika, miti ikapungua, mibuyu ikasimama mmoja mmoja katika nchi kavu ya Wagogo. Dodoma wanauza zabibu kama sisi Tanga tunavyouza machungwa. Binti akanunua, akala njia nzima mpaka tukafika kwa mwenyeji wetu.

Mwenyeji wetu huyo ni muuguzi mstaafu, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, aliyetumia umri wake wote katika kazi hii. Kwanza alitupitisha mbele ya Mirembe. Hospitali ilijengwa katika miaka ya 1920, wakati wa utawala wa Waingereza, na leo ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili. Taasisi ya Isanga, inayopokea wagonjwa wanaoletwa kwa amri ya mahakama, iko chini yake. Tulitazamia kuona jambo la kutisha. Tulichokiona ni jamaa za wagonjwa wakingoja saa ya kutazama wagonjwa, wamebeba vyombo vya chakula, na mama mmoja akimkunjia mwanawe mikono ya shati. Tulijionea haya wenyewe.

Mzee akatusimulia asili ya mambo. Kabla ya Mirembe, Wajerumani walikuwa wamekwisha kufungua hospitali ya maradhi ya akili huko Lutindi, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Hapo ni jirani na kwetu, na wengi wetu hatujui! Zama hizo ilidhaniwa kwamba tiba ni kumweka mgonjwa mbali na watu. Mwaka 1954 daktari Mnaijeria, Thomas Adeoye Lambo, alipindua fikira hiyo huko Aro, karibu na Abeokuta: aliwaweka wagonjwa vijijini pamoja na jamaa zao, wakatibiwa huku wakilima na kuishi na watu. Tanzania nayo ikafuata njia hiyo, ikaanzisha vijiji vya wagonjwa wa akili, na Hombolo, hapa hapa Dodoma, ni miongoni mwa vya mwanzo. Katika miaka ya 1980 ukafanywa mpango wa majaribio mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro, ili mgonjwa apate huduma katika zahanati na vituo vya afya vya kwao.

Na huko Marekani, Serikali zilipowatoa maelfu ya wagonjwa katika mahospitali makubwa, wengi walikosa pa kushika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, Leonard Stein, Mary Ann Test na wenzao waliwatoa watumishi wa wodini wakawapeleka mitaani, wawe na wagonjwa dukani, jikoni na kazini. Tokea hapo ikakua kazi hii ya kusimamia shauri la mgonjwa mmoja mmoja. Kwetu kazi hiyo haina cheo cha peke yake. Hugawanywa baina ya muuguzi wa afya ya akili na afisa ustawi wa jamii.

Alasiri tulisali katika Msikiti wa Gaddafi, na tulipotoka tukakaa kivulini. Hapo tukamtolea mzee shaka yetu: je, kazi hii ni ya watu wetu? Akatabasamu. Akatukumbusha hospitali za wakfu, ile ya Nur al-Din huko Damascus ya mwaka 1154, na ile ya Qalawun mjini Cairo ya mwaka 1284, na ile ya Aleppo ya mwaka 1354 yenye nyua za wagonjwa wa akili. Akamtaja Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, ambaye aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi, akafundisha kwamba nafsi nayo huugua na hutibiwa, na kwamba mwenye dhiki hufaidika kwa maneno ya mtu mwingine kama anavyofaidika kwa fikira zake mwenyewe. Kisha akatuuliza kama tumepata kuizingatia aya ya 5 ya Suratun-Nisaa. Tulikuwa tumeisoma mara nyingi kama aya ya mali. Akasema, "Sheikh, mtazame yule msimamizi. Ameambiwa azuie mali isipotee. Lakini kisha ameambiwa alishe, avishe, na aseme kwa wema. Hayo matatu ndiyo somo langu la siku ya kwanza."

Jioni walikuja barazani kwake wanafunzi watatu waliokuwa katika mazoezi ya kazi. Huwapa msaada wa masomo bila ya malipo. Tulikaa pembeni tukasikiliza, na khasa binti yetu, aliyesahau hata kumalizia chai.

Tulidhani watasoma majina ya maradhi. Nayo huyasoma, lakini sehemu kubwa ya jioni ilikuwa juu ya kutazama na kuuliza. Mwanafunzi hufundishwa kuangalia mgonjwa amevaaje, anasemaje, furaha yake na huzuni yake, fikira zake zinafuatana au zinakatika, kama anasikia au kuona yasiyokuwapo. Hufundishwa dawa na matatizo yake. Mzee akaeleza kwamba haloperidoli hutuliza zile sauti, lakini baadhi ya watu huwakaza shingo, au huwatetemesha mikono, au huwafanya wasiweze kutulia kitini. Jamaa wakiona hivyo husema mtoto amerogwa upya, wakavitupa vidonge. Na hali daktari angeweza kupunguza kipimo au kuongeza dawa ya kuondoa ukakamavu ule. Ndipo tulipokumbuka shingo ya ndugu yetu seremala. Hatukusema neno.

Akawauliza, "Mwezi wa Ramadhani mtafanyaje?" Mmoja akajibu kwamba atamwuliza mgonjwa mapema kama anakusudia kufunga, kisha ampeleke kwa daktari kabla mwezi haujaandama, kwani nyakati za dawa nyingine zaweza kuhamishiwa futari na daku, lakini anayetumia lithiamu yumo hatarini mwili ukikosa maji. Akawauliza juu ya mganga na sheikh anayesomea. Msichana mmoja akasema hatagombana nao. Atakwenda kuwaamkia, awaombe wasimwachishe mgonjwa dawa. Jibu hilo lilitupendeza. Tumewaona wasomi wengi wanaoingia nyumba ya watu kwa dharau, wakatoka mikono mitupu.

Wakasoma pia habari ya siri, kwamba jambo la mgonjwa ni amana, halisemwi sokoni wala msikitini. Wakasoma kwamba mtumishi haendi nyumba ya mashaka peke yake, bali na mwenzake. Jambo hili tuliliandika kwa ajili ya wazee wa nyumbani. Na mgonjwa akitaja kutaka kufa, huulizwa waziwazi, haachwi peke yake, na hufikishwa hospitali siku ile ile.

Kisha mzee akafanya jambo tusilolitazamia. Akasema wanafunzi wanahitaji kujizoeza kumhoji ndugu wa mgonjwa, na mgeni wake anaye mgonjwa nyumbani, je, tutaridhia? Tukaridhia, tukijiona ni watu wa kujua. Yule msichana akavuta kiti, akatuamkia kwa adabu, akafungua daftari.

"Mzee wangu, dawa zake anazishika nani?" Tukasema, mama yake. "Na mama akisafiri?" Hatukujua. "Usiku hulala saa ngapi?" Hatukujua. "Ni kitu gani humzidishia, kelele, njaa, maneno ya watu?" Tukababaika. "Rafiki yake wa zamani ni nani, yule ambaye angemsikiliza?" Hatukujua. "Yeye mwenyewe anataka nini?" Tukasema, anataka kupona. Akauliza kwa upole, "Alisema hivyo mwenyewe?"

Miaka tisa tumekuwa tukimgharamia nauli na vidonge, na swali hilo hatujamwuliza hata mara moja. Binti yetu aliinamisha uso, asituone tunavyofuta macho.

Kwa vijana watakaotaka kujua njia: anayependa uuguzi husoma stashahada ya miaka mitatu, na ufaulu wa masomo ya sayansi ya kidato cha nne unatakiwa, akitaka shahada, ni miaka minne. Anayeelekea ustawi wa jamii aweza kwenda Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Huko hupandwa ngazi kutoka cheti mpaka shahada. Na anayeingia kazini asome pia Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, apate kujua haki za yule atakayemhudumia. Mishahara si ya kutajirisha. Mzee mwenyewe anaishi katika nyumba ya vyumba viwili.

Tulirudi baada ya siku nne. Ndani ya treni binti akatupa daftari lake, alikuwa ameyanakili yale maswali yote. Tukajaza tuliyoyaweza, mistari mingi ikabaki mitupu. Hatukumwambia kwamba ruhusa amekwisha kuipata, naye hakuuliza tena, bali alihesabu kwa sauti gharama za sare na viatu.

Tulipofika Tanga hatukupitia kwetu kwanza. Tulikwenda kwa mama mkubwa, tukamkuta ndugu yetu amekaa kibarazani peke yake, anachonga kijiti kwa kisu kidogo. Tukamsalimu. Tukamwuliza, "Kaka, usiku hulala saa ngapi?" Akatutazama kwa muda mrefu, kama mtu anayechungulia kama kuna mwingine nyuma yetu. Kisha akasogea, akatupisha tukae.