Alikuwa Akisikiliza Mlango



Jumapili moja nilimkemea kijana mbele ya kanisa. Yuko kidato cha pili. Nilikuwa nahubiri, yeye macho yako mlangoni. Nikamwuliza nimesema nini, akanyamaza. Nikaita hiyo roho ya uzembe, nikamwombea kwa sauti kubwa. Mkasema Amina.

Baada ya ibada nilitembea naye hadi kwenye reli. Nikamwuliza, "Nyumbani kukoje?" Alikaa kimya, kisha akasema kodi ya miezi miwili haijalipwa, na jirani yao alishafungiwa nyumba kwa kufuli. Tangu siku hiyo, kila akisikia hatua za mtu nje, moyo unaruka. Mwalimu akifundisha, yeye anawaza kama mamake amepata kibarua.

Wapendwa, yule kijana alikuwa akisikiliza sana. Alikuwa akisikiliza mlango.

Wasiwasi wa muda mrefu hufanya hivyo. Akili ina nafasi ndogo ya kushika mambo kwa wakati mmoja. Hofu ikikaa hapo, hesabu hukosa kiti, na mahubiri pia. Tena, kijana akirudia "itakuwaje, itakuwaje" usiku kucha, huzuni yenyewe haipati maneno wala machozi. Hutokea kama hasira, au tumbo kuuma, nasi tunasema ana kiburi.

Shirika la Shamiri, lililojaribu mpango wake hapa Kibera, lilichapisha utafiti mwaka 2021 kuhusu wanafunzi 413 wa sekondari wa Nairobi na Kiambu waliokuwa na dalili za huzuni nzito au wasiwasi. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali vijana waliomaliza sekondari si zamani. Walikutana kwa vikundi, wiki nne tu. Dalili zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Kumbe kuketi na kijana kuna nguvu.

Someni 1 Wafalme 19. Eliya alipotaka kufa, Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akampa mkate na maji. Baadaye akamwuliza swali, akamwacha aseme yote, kisha akamwuliza tena. Mimi nilianza na kukemea.

Nilimkosea hadharani, nami nimemwomba msamaha hadharani. Amenipa ruhusa niandike haya. Kodi bado haijaisha, lakini wazee wa kanisa wanajua, na habebi peke yake.

Mzazi, jioni hii kabla ya kumwambia mtoto "omba tu," mwulize kukoje, halafu unyamaze. Akimaliza, ombeni pamoja. Asipolala wala kula kwa siku nyingi, au akitaja kujiumiza, mpeleke hospitali mara moja. Hiyo si kukosa imani.

Mbarikiwe.
Mchungaji wenu, Laini Saba