Naomba Nikupige

Kariakoo si mahali pa mtu anayeshtushwa na kishindo. Bodaboda zinalia kama risasi, wasukuma mikokoteni wanafoka upishe njia, na vipaza sauti vya dawa ya mende na kunguni havina Jumapili. Na humo ndimo anamoishi baba yangu mdogo, chumba cha uani, si mbali na Mtaa wa Sikukuu.

Alikuwa na miaka 20 alipovuka mpaka kuingia Uganda mwanzoni mwa 1979, kwenye vita tuliyoizoea kuiita ya Kagera. Alirudi mzima, watu wakashukuru Mungu. Sisi watoto tulichoambiwa ni kimoja tu: usimwamshe Ba'mdogo kwa kumgusa. Simama mlangoni, mwite. Kwa nini? Bibi alijibu, "Ana mambo yake," mazungumzo yakaishia hapo. Neno kiwewe nilikuja kukutana nalo chuoni, kwenye kitabu, nikakumbuka ule mlango.

Wiki mbili baada ya Soko Kuu kuungua, usiku wa 10 Julai 2021, nilikwenda kumwona. Nisijifanye mwema: Siku ya Mashujaa ilikuwa inakaribia na nilitaka makala. Nilikuwa nimesoma kwamba ng'ambo kuna wanajeshi wastaafu wanaopewa kamera ili waseme yale yasiyosemeka kwa mdomo. Ba'mdogo hakutaka kusema chochote. Nikamwachia kamera yangu ya zamani.

Niliporudi alikuwa amepiga picha zaidi ya mia. Ngazi. Ndoo. Mkokoteni usio na mtu. Kandambili mbili mlangoni, zimeelekea nje.

"Mbona hamna watu, Ba'mdogo?"

"Mtu ukishamweka pale katikati, umemlenga."

Susan Sontag alifananisha kamera na bunduki katika kitabu chake cha 1977, na wasomi wamebishana naye tangu hapo. Kiswahili kilikuwa kimeshayaweka hayo kwenye kitenzi kimoja: tunapiga picha, tunapiga risasi. Ba'mdogo hajamsoma Sontag.

Halafu nikaharibu. Zile kandambili niliziweka mtandaoni bila kumuuliza, na maneno yangu matamu juu ya shujaa anayepona kwa kamera. Watu wakapenda, wakasambaza, hadi kijana mmoja wa jirani akamwonyesha kwenye simu. Kesho yake kamera ilirudi kwangu ndani ya mfuko wa kaki.

"Picha nilikupa," aliniambia. "Mimi mwenyewe sikukupa."

Niliifuta siku ileile. Kufuta hakukusaidia kitu. Miezi kadhaa nilikuwa napita kwake, "Shikamoo Ba'mdogo," "Marahaba," tunakunywa kahawa barazani, kimya. Nilijifunza kukaa bila daftari. Kwa mwandishi wa habari hilo si jambo dogo. Siku moja, bila utangulizi, akauliza, "Ile kamera yako bado ina chaji?"

Tukatembea kupitia Mnazi Mmoja hadi Mnara wa Askari. Yule askari wa shaba amesimama pale tangu 1927, singe imeelekea bandarini, ukumbusho wa Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Kariakoo yenyewe imepata jina kwa hao wapagazi, Carrier Corps. Kwa hiyo Ba'mdogo amelala miaka yote hii katika mtaa wenye jina la jeshi, na nadhani hatukuwahi kulizungumza.

Aliuzunguka mnara, akapiga picha kutokea nyuma. Mgongo, kofia, basi.

"Kwa nini nyuma?"

"Huku hanilengi."

Tuliporudi, alisimama mbele ya kijana muuza kahawa. Akamwambia, "Mwanangu, naomba nikupige."

Kijana akacheka. "Nipige tu, mzee."

Mkono ulitetemeka, picha ikatoka na ukungu. Lakini ndani yake yumo mtu, birika mkononi, anacheka.

Sitasema amepona. Bodaboda ikilia bado anashika ukuta, na mimi bado namwita kutoka mlangoni. Makala hii nimemsomea kabla ya kuituma. Aliniomba nitoe sentensi mbili. Nimezitoa.